Mvua isiyofika chini: majani ya msitu yananasa kiasi gani, na mto unabaki na nini? (Uzi)

#1 KipimaMvua

Wakuu, salamu.

Wiki iliyopita kwenye uzi mwingine niliandika sentensi moja tu, kwamba si kila mti unaopandwa huongeza maji mtoni. Nilishambuliwa kama niliyetukana mzazi wa mtu. Nimeona nifungue uzi wake kabisa, nieleze polepole, na anayetaka kunirukia anirukie akiwa na hoja mkononi.

Kwa misimu minne kazi yangu ilikuwa kusoma vipimamvua. Vingine vilikuwa uwanjani pasipo na kivuli, vingine chini ya miti. Kila asubuhi baada ya mvua napita na daftari. Manyunyu ya usiku yakiandika milimita 1 uwanjani, vya chini ya miti unavigeuza na tone halidondoki. Mvua ya milimita 5 ikinyesha, chini napata 3 na kitu. Ikishuka mvua ya kweli, ile ya kuvunja matawi, tofauti inakuwa ndogo mno ukilinganisha na wingi wa maji. Mwanzoni nilidhani vifaa ni vibovu. Nikabadilishana, cha uwanjani nikakipeleka msituni na cha msituni uwanjani. Hadithi ikawa ileile.

Mvua ikifika kwenye paa la msitu (paa namaanisha majani na matawi yote ya juu kwa pamoja) inagawanyika. Sehemu kubwa hupenya kwenye mianya au hudondoka jani hadi jani mpaka chini. Sehemu ndogo hukusanywa na matawi ikateremka na shina, kama maji kwenye mfereji wa bati. Na sehemu nyingine inabaki hukohuko juu, imeng'ang'ania majani, magome na kuvumwani, kisha inageuka mvuke na kurudi hewani. Ardhi haikuionja. Hiyo ndiyo ninayoiita mvua iliyonaswa. Msiichanganye na maji ambayo mti unanyonya kwa mizizi na kuyatoa majanini kama jasho. Hilo ni deni jingine, linakuja juu ya hili.

Majani hayabebi maji mengi kwa mara moja. Misitu mingi hushika kati ya nusu milimita na milimita 2, basi. Mtu atasema, milimita moja na nusu ndiyo nini? Milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Kwenye hekta ni lita 10,000. Na paa halijai mara moja kwa mwaka. Linajaa, linakauka, linajaa tena, mara mia au zaidi.

Robert Horton, mtaalamu wa maji wa Marekani, aliyaandika haya mwaka 1919. Kwa hiyo si mapya, wala sijayabuni mimi kwenye uzi.

Naendelea baadaye, simu inaisha chaji.

#2 FundiBomba

Nimevuta kigoda mbele kabisa. Mleta uzi usije ukatuacha njiani kama wale wengine wa "itaendelea".

#3 MlinziWaKijani

Wakata miti wanazipenda sana nyuzi kama hizi. Kesho utasikia "mtaalamu kasema msitu unakula maji", msumeno unawashwa.

Mkuu, fungua ramani yoyote. Mito mikubwa inaanzia wapi? Kwenye milima yenye misitu. Palipokatwa miti chemchemi zimekauka, kila mtu anajua. Sasa wewe na vikopo vyako unataka kutuambia nini?

#4 KipimaMvua

Mlinzi, karibu, nilikuwa nakusubiri.

Mito inaanzia kwenye milima yenye misitu kwa sababu huko ndiko mvua ilipo. Hewa inapanda mlima, inapoa, inanyesha. Msitu umeota hapo kwa kuwa umekuta maji. Ukipita barabarani siku ya mvua ukaona miavuli mingi, huwezi kusema miavuli ndiyo iliyoleta mvua.

Kujua kama msitu unaongeza au unapunguza maji ya mto, kutazama ramani hakutoshi. Inabidi ufanye walivyofanya watu wa Uswisi mwanzoni mwa karne iliyopita, walipopima vijito viwili, Sperbelgraben wenye msitu mzito na Rappengraben wenye malisho mengi. Na bora zaidi ni walivyofanya Wamarekani kule Wagon Wheel Gap, Colorado, kuanzia 1910 hadi 1926. Walichukua mabonde mawili madogo yaliyo jirani, wakayapima yote miaka kadhaa bila kugusa kitu, wakajua yanavyofanana. Kisha wakakata miti ya bonde moja na kuliacha jingine. Tofauti iliyojitokeza baada ya hapo huwezi kuisingizia mvua wala udongo. Maji ya bonde lililokatwa yaliongezeka.

Tangu hapo jaribio hilo limerudiwa sehemu nyingi. Mwaka 1982 watafiti Bosch na Hewlett walikusanya matokeo ya mabonde 94 ya sehemu mbalimbali za dunia. Karibu kote mwelekeo ni mmoja: punguza miti, mtiririko wa mwaka unapanda, ongeza miti, unashuka. Kwa kila asilimia 10 ya eneo inayobadilishwa, misindano na mikaratusi ilileta badiliko la kama milimita 40 za maji kwa mwaka, miti ya majani mapana inayopukutika kama 25, vichaka kama 10.

Angalia nilichosema: mtiririko wa mwaka mzima. Sijasema wa kiangazi, sijasema usafi wa maji, sijasema mafuriko. Hayo yana zamu yake, usiyakimbilie.

#5 SwaliJepesi

Samahani mkuu, mimi mwanafunzi tu. Nyasi nazo zina majani. Zikilowa si zinashika maji vilevile, tena nyasi ndefu pengine zinashika mengi tu? Kwa nini lawama zote kwa mti?

#6 KipimaMvua

Hapo umegusa penyewe. Ungekuwa karibu ningekununulia soda.

Ni kweli, nyasi zilizoshiba zinaweza kushika maji yanayokaribiana na ya msitu. Tofauti iko kwenye kukauka.

Chukua mashuka mawili yaliyolowa. Moja litandaze chini kwenye nyasi, jingine lianike kwenye kamba juu, penye upepo. Yana maji sawa na yako chini ya anga moja. Rudi baada ya saa mbili uyaguse. La kwenye kamba limekauka, la chini bado linakuloweka mkono. Tena la kwenye kamba linakauka hata siku ya mawingu, hata usiku, mradi upepo upo na hewa haijashiba unyevu.

Msitu ni shuka la kwenye kamba. Uko juu, hauko laini, una vilele na mashimo, upepo ukipita unavurugika na kusomba mvuke. Nyasi ziko chini, laini, hewa inateleza juu yake na mvuke unakaa palepale. Waliopima wanasema msitu uliolowa unapitisha mvuke kwenda hewani kwa wepesi wa mara kumi hivi kuliko nyasi fupi.

Na kuna jambo lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Kukausha maji kunahitaji joto. Kama joto lote lingetoka kwenye jua la pale pale, msitu usingeweza kutoa mvuke kuliko nyasi za jirani, maana jua ni moja. Lakini vipimo vilionyesha paa lililolowa likikauka usiku, na wakati mwingine likitumia joto kuliko jua lilivyoleta. Lilitoka wapi? Kwenye hewa yenyewe inayopita. Msitu unainyang'anya hewa joto lake. Ndiyo maana ukitembea msituni baada ya mvua unahisi ubaridi usio wa kivuli pekee.

Aliyeufumua mjadala huu alikuwa mhandisi wa maji kaskazini mwa Uingereza, Frank Law. Wakati huo kupanda miti kuzunguka mabwawa lilionekana jambo jema lisilohitaji ushahidi. Yeye akazungushia kizuizi kipande kidogo cha msitu wa sprusi (mti wa majani ya sindano wa nchi za baridi), akapima maji yanayoingia na yanayotoka, na mwaka 1956 akatangaza kwamba miti inalinyima bwawa maji. Wenye misitu walimcharukia (unaona Mlinzi, hata wewe una wazee wako kwenye hili). Ubishi haukuisha mpaka ukachangia kuzaliwa kwa jaribio la Plynlimon, Wales. Huko mto Severn unaanzia kwenye bonde ambalo sehemu kubwa yake ilikuwa msitu uliopandwa, na mto Wye unaanzia kwa jirani kwenye malisho ya kondoo. Mvua karibu sawa. Miaka ikapita wakihesabu. Sehemu yenye miti ilirudisha hewani maji karibu maradufu ya sehemu ya nyasi, na kilichokula zaidi hakikuwa mizizi, yalikuwa majani yaliyolowa na kukauka, yakalowa na kukauka, kwenye nchi ambayo manyunyu hayaishi.

#7 HesabuKwanza

Naomba niingize namba, maana hiyo ya "manyunyu hayaishi" ndiyo ufunguo na mleta uzi ameipita haraka.

Tuseme majani yanashika milimita 1.5, na kila mvua inakuta yamekauka.

Sehemu A inapata milimita 1,000 kwa mwaka kwa mvua 200 za milimita 5 kila moja. Kilichonaswa ni 200 × 1.5 = 300. Asilimia 30 imeyeyuka.

Sehemu B inapata milimita 1,000 zilezile kwa mvua 20 za milimita 50. Kilichonaswa ni 20 × 1.5 = 30. Asilimia 3.

Msitu uleule, mvua ileile kwa mwaka, tofauti mara kumi. Kwa hiyo mtu akikuuliza "msitu unanasa asilimia ngapi?" mjibu kwa swali: mvua yenu inanyeshaje?

#8 KipimaMvua

Hesabu, asante, ila rekebisha sehemu mbili. Kwanza, paa halikauki kila mara kabla ya mvua inayofuata, kwa hiyo A itakuwa chini ya 300. Pili, maji yanaendelea kuyeyuka hata mvua ikiwa inanyesha. Ni kidogo, kama sehemu mbili za kumi za milimita kwa saa, lakini mvua ikinyesha saa kumi mfululizo ni milimita 2 zimeondoka, zaidi ya zile zilizobaki kwenye majani. Kwa hiyo B itakuwa juu ya 30. Rutter na wenzake waliyaweka haya kwenye hesabu mwaka 1971, wakiliona paa kama ndoo inayojazwa, inayovuja na inayokauka kwa wakati mmoja. John Gash akairahisisha mwaka 1979, na njia yake ndiyo inayotumika sana mpaka leo.

Lakini mwelekeo wako ni sahihi, na ndiyo sababu misindano ya nchi za baridi na mvua nyepesi inaweza kunasa robo hadi theluthi ya mvua ya mwaka, wakati kule Amazon, msitu mzito kuliko yote unaoufikiria, vipimo vya hifadhi ya Ducke karibu na Manaus miaka ya 1980 vilipata asilimia 9 hivi tu. Mvua ya huko inamwagwa. Majani yanajaa kwa dakika chache, kinachobaki kinapita.

#9 MstaafuMisitu

Vijana, shikamooni... samahani, nyinyi ndio mnipe shikamoo.

Nimefanya kazi ya misitu ya kupandwa maisha yangu yote, na huyu KipimaMvua hajadanganya, ila anasema "msitu" kana kwamba ni kitu kimoja. Jani la msindano ni sindano. Kwenye mti mmoja ziko sindano zisizohesabika, kila moja na tone lake, na hazipukutiki zote kwa pamoja. Mti wa majani mapana unaobaki bila majani nusu mwaka unaacha mvua ya nusu hiyo ipite karibu yote. Pale Coweeta, North Carolina, bonde la miti ya kupukutika lilipandwa misindano myeupe mwaka 1956. Baada ya miaka 15 mtiririko ulikuwa umepungua milimita 200 hivi kwa mwaka, yaani asilimia 20. Kote kulikuwa msitu kabla na msitu baada! Kilichobadilika ni aina ya mti.

Umri nao. Misitu ya mikaratusi mirefu inayolisha maji jiji la Melbourne iliungua vibaya mwaka 1939. Iliota upya, teketeke, miche imebanana. Watu wakafurahi. Miaka ishirini, thelathini baadaye maji ya mabonde yale yalikuwa yameshuka hadi karibu nusu, kwa sababu msitu kijana una majani mengi na kiu kubwa kuliko mzee. Kurudi hali ya mwanzo kunahesabiwa kwa zaidi ya miaka mia. George Kuczera ndiye aliyechora mchoro wa jambo hili, ukimwambia mtu wa misitu "mchoro wa Kuczera" anaelewa.

Kule kwenye baridi kali theluji nayo inakaa juu ya matawi na kugeuka mvuke bila hata kuyeyuka kuwa maji. Lakini hiyo sijaishuhudia.

Nchi iliyochukua hili kwa uzito ni Afrika Kusini. Walianza kupima mabonde ya Jonkershoek tangu miaka ya 1930, na sheria yao ya maji ya 1998 inautaja upandaji miti wa kibiashara kuwa ni shughuli inayopunguza mtiririko. Ukitaka shamba la misindano unaomba kibali cha maji, kama mwenye shamba la kumwagilia.

#10 FundiBomba

Kwa hiyo mti analipa bili ya maji. Dunia imefika mbali.

#11 BintiUkungu

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa, sasa nashindwa kuvumilia.

Mbona mnausahau ukungu? Nimepanda milima ambayo mawingu yanatembea katikati ya miti. Uwanjani mvua hakuna, nguo kavu. Ukiingia chini ya miti unalowa! Majani yanakamata matone madogo ya wingu linalopita, yanaungana, yanadondoka. Hapo kipimamvua cha chini ya mti kinakizidi cha uwanjani, kinyume kabisa na daftari la mleta uzi.

Kisiwa cha El Hierro, kwenye visiwa vya Canary, kulikuwa na mti ulioitwa Garoé. Wenyeji walichota maji yaliyodondoka kutoka kwenye majani yake, wakiyakusanya kwenye mashimo chini yake. Dhoruba iliuangusha mwaka 1610. Na kwenye pwani ya California, Todd Dawson alipima misitu ya ile miti mirefu kuliko yote duniani akakuta karibu theluthi ya maji yote yanayofika ardhini kwa mwaka yanatokana na matone ya ukungu, na hasa kiangazi, wakati mvua karibu hakuna.

Kata msitu wa hivyo uone kama mto utaongezeka.

#12 KipimaMvua

Binti, hapo nakubali mikono juu. Msitu wa mawinguni ni daftari jingine. Majani yaleyale yanayonasa mvua na kuipoteza, yakiwa ndani ya wingu yananasa kisichokuwa mvua na kukileta chini. Ukikata miti pale, wingu linapita na safari zake. Mlinzi, huenda milima unayoifikiria wewe ni ya namna hiyo, na kama ndivyo, ulikuwa na haki kubwa kuliko nilivyokupa.

Niwape na aibu yangu. Msimu wa kwanza nilikuwa na vipimamvua vitatu tu chini ya miti. Kimoja, namba 2, kilikuwa kinanipa maji mengi kuliko cha uwanjani, na hapakuwa na ukungu wowote. Mara milimita 20 uwanjani, 31 namba 2. Niliamini kuna watoto wanakojolea kifaa. Nikakaa asubuhi nzima nimejificha nyuma ya kichaka niwakamate. Hakuja mtoto. Ikaja mvua. Nikaona tawi moja lililoinama limekusanya maji ya nusu ya mti na linayamwaga pale pale, kwenye mdomo wa kifaa changu, kama bomba lililoachwa wazi.

Kumbe mvua ya chini ya miti hainyeshi sawa. Kuna sehemu kavu kama chini ya meza na kuna sehemu zinazomwagiwa. Ukiweka vipimamvua vichache na kuviacha palepale, utaandika upuuzi wa miaka. Pale Ducke nilipopataja walikuwa wanahamisha vifaa vyao mara kwa mara kwenda sehemu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na hiyo ni sababu moja ya matokeo yao kuheshimiwa. Vipimo vya zamani vingi vilivyosema msitu fulani unanasa asilimia kadhaa huenda vilikuwa na namba 2 wao.

#13 MlinziWaKijani

Angalau unakubali makosa, hilo nimelipenda.

Sasa nijibu moja kwa moja bila kuzunguka. Kama msitu unapunguza maji ya mto, tukate?

#14 KipimaMvua

Hapana. Nitakueleza kwa nini, na hapa ndipo huwa nagombana na wale wa upande wa pili, wanaodhani nimewapa leseni.

Anza na tone. Tone la mvua la kawaida lina upana wa milimita moja, mbili, tatu. Likikusanyika kwenye jani pana likadondoka, linaweza kufika milimita 5. Kama jani liko juu mita nane, kumi na zaidi, tone hilo likifika chini limeshika kasi karibu yote linayoweza kuipata. Kwa hiyo chini ya miti mirefu mvua inapiga ardhi kwa ngumi nzito kuliko uwanjani! Paa haliilindi ardhi, kama wengi wanavyofikiri. Kinachoilinda ni zulia la majani makavu, vichaka na nyasi za chini. Fagia zulia hilo, au choma kila mwaka, na msitu wa misaji wenye kivuli kizuri utakuonyesha mifereji ya mmomonyoko huku juu kijani kimetanda.

Zulia hilo na mizizi na wadudu wanaochimba ndivyo vinavyofanya udongo wa msitu unywe. Msitu mzuri mvua ikija inazama. Ukiufyeka na kuacha ardhi ikanyagwe mpaka ikawa sakafu, umeokoa zile asilimia za majani, lakini mvua sasa inateleza juu, inakimbilia mtoni kwa saa mbili, na kiangazi chemchemi haina akiba. Mwaka mzima mto umepitisha maji mengi zaidi, na bado wenye ndoo wamekauka. Wewe uliyeona chemchemi zimekufa baada ya miti kukatwa hukuota, na mimi niliyeona vipimamvua vikavu sikuota. Inategemea kilichokuja baada ya mti.

Kwenye hilo kuna utafiti nilioupenda wa Burkina Faso, uliochapishwa 2016 na Ulrik Ilstedt na wenzake. Walikuta maji mengi zaidi yalizama kwenda chini ya ardhi pale penye miti ya wastani, si penye miti iliyosongamana wala penye uwanja mtupu. Pasipo na mti udongo haunywi. Penye miti mingi mno miti inakunywa yote. Katikati pana nafasi.

Mafuriko nayo: mvua ya milimita 100 kwa siku haishtuki na majani yanayoshika milimita 2. Msitu ukisaidia, umesaidia kwa udongo wake, na udongo ukishashiba hata huo msaada unapungua.

Mwisho, maji yaliyoyeyuka hayajaenda mwezini. Yamerudi hewani na yatanyesha mahali. Eneas Salati, Mbrazili, miaka ya 1970 alifuatilia aina za oksijeni kwenye mvua ya Amazon kutoka upande wa Atlantiki kwenda bara akaona kwamba mvua inayonyesha mbali ndani imeshawahi kunyesha na kutolewa na msitu njiani. Kwa bonde dogo hili halikusaidii, mvuke wako unapelekwa na upepo kwa jirani. Kwa msitu wenye ukubwa wa bara, jirani ni wewe mwenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu, kama unataka uuandike ukutani: msitu wa asili kwenye chanzo uachwe. Kupanda misindano au mikaratusi iliyobanana juu ya nyasi kwa jina la "kurudisha maji", hapo nitakuuliza hesabu yako iko wapi.

#15 SwaliJepesi

Naweza kupima mwenyewe bila vifaa vya gharama?

#16 KipimaMvua

Unaweza. Chukua chupa za plastiki zinazofanana kabisa, kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli ndani ya chupa ileile ili maji yasiyeyuke haraka na majani yasiingie. Weka mbili uwanjani, mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wake. Chini ya miti weka kumi, na zikiwa ishirini ni bora. Zihamishe kila wiki. Pima kwa bomba la sindano au kikombe chenye alama, gawa mililita kwa eneo la duara la juu linalopokea mvua (si shingo ya chupa) kwa sentimita za mraba, zidisha kwa kumi, utapata milimita.

Kwa maji ya shinani, pasua mpira wa bomba kwa urefu, uzungushe kwenye shina ukishuka kama nyoka, ziba mwanya kwa lami au silikoni, mwisho wake uingie kwenye dumu. Miti ya gome laini itakushangaza, ya gome la magamba haitakupa kitu.

#17 HesabuKwanza

Ongeza: usisahau kwamba maji ya shinani unayagawa kwa eneo la kivuli cha mti, si kwa mdomo wa dumu. Nimeona watu wakipata mvua ya milimita elfu tatu kwa siku moja.

#18 MlinziWaKijani

Sikuwa na mpango wa kusema, lakini nimeweka chupa. Mbili uwanjani, nane chini ya miti. Mvua tatu mpaka sasa.

Ya kwanza ilikuwa manyunyu. Uwanjani milimita 2, chini ya miti chupa sita kavu, mbili zina unyevu tu. Sikufurahi.

Ya pili uwanjani 14, chini wastani 11.

Ya tatu uwanjani 23. Chini, chupa saba zina kati ya 17 na 21. Ya nane ina 38. Nimeangalia juu, hakuna ukungu, na watoto hapa hawapo.

#19 KipimaMvua

Angalia tawi.

#20 MlinziWaKijani

Lipo. Limeinama kabisa. Naihamisha kesho.